Spana ya 19

Nati ya ekseli ya nyuma ya pikipiki yangu ni namba 19. Leo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia, na juu yake nitakuongezea namba ya cheni, ya plagi na ya kila nati ninayoifungua mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita sikujua hata moja. Ujinga huo ulinigharimu usiku mmoja wa baridi, magunia arobaini ya viazi, na mteremko mmoja ambao mama yangu sijamsimulia wote mpaka leo.

Kazi yangu ni kukusanya viazi mviringo. Nakaa Uyole, Mbeya, nazunguka kwa wakulima wa Uporoto na upande wa Matamba, nakagua mzigo shambani, natanguliza fedha, halafu Fuso inafuata nyuma kubeba kwenda Dar. Pikipiki ndiyo ofisi yangu. Ni hizi za kawaida, za cc 150, za matairi yenye spoki, ambazo kila kijiwe cha bodaboda unazikuta. Na kwa sababu mimi ni mwanamke, kila ninaposimama kuna mtu anauliza, "Dada, na ikikuharibikia huko?" Nilikuwa najibu kwa kujiamini: nina begi la zana.

Begi lilikuwepo kweli. Ndani yake mlikuwa na spana nane hadi kumi na saba, bisibisi moja, kopo la viraka na tyubu ya solusheni. Nilipewa na aliyeniuzia pikipiki, nikalifunga chini ya siti, na kwa miezi saba sikulifungua. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipokaa, wala halikuanzia njiani.

Safari yenyewe ilikuwa ya kupanda Kitulo, mwezi wa Juni. Wanaoijua Kitulo wataanza kutikisa kichwa hapo hapo. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watu wanaufahamu kwa maua, wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Lakini maua ni ya masika, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Juni na Julai kule ni ukungu na baridi, asubuhi nyingine unakuta majani yameota weupe wa barafu. Mimi nilitoka Uyole saa nane mchana, baada ya kula, nimevaa sweta moja na koti jepesi. Nilijiambia nitafika kwa wakulima kabla ya magharibi, nilale kule, alfajiri nilipe, Fuso ipakie.

Ukitoka Uyole unashika barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, halafu unakata kushoto kuanza kupanda kuelekea Kikondo. Wakati ule sehemu kubwa niliyopita ilikuwa udongo. Mashamba ya viazi na pareto yamelala kwenye vilima kama mikeka iliyoanikwa, na kila kona upepo unazidi kuwa mkali. Pikipiki ikaanza kuwa nzito. Nikishusha giya inakohoa, nikiongeza mafuta inatoa moshi mweusi, nikiacha inazima. Nikavuta choki ikawaka, na kwa kuwa iliwaka, nikaiacha choki hapo hapo ilipo. Kilomita mbili mbele ikazima moja kwa moja.

Nililaumu petroli. Nilikuwa nimeongezea lita moja ya chupa njiani, na nikamtukana yule muuzaji moyoni mwangu matusi ambayo nikikutana naye leo nitaona aibu. Nilifungua kabureta nikamwaga mafuta yaliyomo, nikawasha. Kimya. Nikamwaga tena. Nimepoteza karibu saa nzima nikimwaga petroli nzuri kwenye udongo.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anashuka na madumu ya maziwa. Hakuuliza mengi. Alichomoa spana ya plagi kutoka kwenye soksi kuukuu aliyoifunga kwenye usukani, akatoa plagi, akanionyesha: nyeusi tii, ina masizi kama chini ya sufuria. Akaisugua kwa ubavu wa kiberiti, akaipuliza, akairudisha.

"Huku juu hewa nyembamba, dada. Pikipiki inashiba mafuta kabla haijashiba hewa. Na wewe umeiachia choki."

Baadaye nilielewa vizuri. Kwa urefu ule hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani, lakini kabureta inaendelea kumimina petroli kama vile uko Dar. Mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta, hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye plagi, na cheche inakosa pa kurukia. Choki nayo inaziba hewa zaidi. Kwa hiyo ukipanda Kitulo, choki ni ya kuwashia tu asubuhi, ikishatulia, irudishe. Plagi ya akiba haizidi shilingi 5,000 na haina uzito. Lakini plagi ya akiba bila spana yake ni pambo tu.

Nilimpa 2,000 akakataa, akachukua 1,000 "ya chai". Nikaendelea, nimechelewa, nikiwa na haraka ya mtu aliyechelewa. Nikapita Kikondo. Kilomita chache mbele, jua limeshazama nyuma ya vilima, nikasikia makalio ya pikipiki yanaanza kuyumba.

Pancha ya nyuma.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nilifanya makosa manne mfululizo na kila moja lilizaa jingine. Kwanza nilitaka kutoa gurudumu. Nikajaribu spana ya kumi na saba kwenye nati ya ekseli: haiingii. Sikuwa na kubwa zaidi. Nikajaribu kuikamata nati kwa jiwe na bisibisi, nikaikwangua kona mbili. Kumbe halikuwa jambo la lazima. Tairi la pikipiki unaweza kulivua upande mmoja tu, gurudumu likiwa mahali pake, ukatoa tyubu pale kwenye tundu, ukaiziba, ukairudisha. Unazungusha gurudumu taratibu mpaka uupate msumari, unavua upande usio na cheni, na kazi inaisha bila kugusa ekseli. Mafundi wa pancha wa barabarani wanafanya hivyo kila siku. Nimewaangalia mara ngapi nikichezea simu?

Mzee mmoja aliyekuwa anarudi shambani na mjukuu wake ndiye aliyenielekeza. Sikuwa na leva za kuvulia tairi, basi nikatumia bisibisi. Bisibisi ina ncha kali. Ilivua tairi, lakini ilipopenya ndani iliibana tyubu dhidi ya rimu. Tulipoitoa ikawa na matundu matatu: la msumari, na mawili yangu mwenyewe.

Si kitu, nina viraka. Nikafungua solusheni. Imekauka. Tyubu yake ilishawahi kutobolewa, na solusheni ikishaonja hewa inakwisha yenyewe ndani ya mfuko, hata usipoitumia. Mwisho ilitoka tone moja, nikalipaka, nikabandika kiraka papo hapo. Hilo nalo kosa. Solusheni inapakwa kwenye sehemu iliyosuguliwa na kukauka vizuri, inaachwa mpaka ikiguswa inanata bila kulowesha kidole, ndipo kiraka kinagandamizwa. Kwenye joto la Mbeya mjini ni dakika chache. Kwenye baridi ile, na ukungu unaolowesha kila kitu, ni subira ya kweli, na tyubu uifiche ndani ya koti ipate joto la mwili. Kiraka changu kilibandukia mkononi.

Mjukuu wa mzee akakimbia kwao kuleta pampu ya baiskeli, ili tu tuone kama tundu moja linaweza kuvumilia. Pampu ikaja, mdomo wake haukai kwenye vavu ya pikipiki. Vavu za baiskeli zetu hizi za mizigo na za pikipiki si aina moja. Nilisimama na ile pampu mkononi, meno yanagongana kwa baridi, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

"Tujaze majani," mzee akasema.

"Majani, babu?"

"Ndani ya tairi. Mpaka likaze. Tulikuwa tunafanya hivyo na baiskeli."

Nikamwambia naogopa, huku si ni hifadhi, wakitukuta tunang'oa majani? Mzee alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Hifadhi iko kule mbele, mwanangu. Hapa unang'oa kwangu."

Tulijaza majani. Inahitaji mengi kuliko unavyodhani, tena makavu makavu, yasukumwe kwa kijiti mpaka mkono uume, la sivyo yanasagika baada ya mita mia mbili. Tukarudi polepole, mimi nikiwa pembeni nimeshika usukani, giya ya kwanza, mpaka nyumbani kwake. Mke wake alinipokea bila maswali, akanipa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, nikalala na wajukuu wa kike chini ya mablanketi matatu. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nahesabu saa.

Simu ilishika mtandao saa tatu asubuhi kwenye kichuguu kimoja tu cha kijiji kile. Wakulima wangu walikuwa wamesubiri tangu kumi na mbili, mnunuzi mwingine akapita na fedha mkononi, wakamuuzia magunia arobaini. Siwalaumu. Gari nililokuwa nimelikodi lililala bure, nikalipa 80,000 ya kulilaza. Pancha ya shilingi 2,000.

Baada ya hapo nilifanya kile ambacho wengi wetu tunakifanya tukishaumwa: nilinunua vitu. Nilikwenda Mwanjelwa nikanunua kasha zima la zana, lile la plastiki jeusi lenye vipande vilivyopangwa kama meno, kwa 65,000. Soketi za kila namba, ikiwemo 19. Spana ya plagi. Nikaongeza leva mbili, pampu yenye mdomo sahihi, tyubu mbili za solusheni, na kwa kuwa niliambiwa cheni yangu imechoka, nikanunua na kiungo kimoja cha kuunganishia cheni, kile chenye klipu ndogo, kwa 1,000. Kasha lilikuwa zito, likafungwa kwenye keria kwa mpira, na nilijisikia kama fundi. Sikutoa hata kipande kimoja kujaribu. Nilikuwa na imani ya fedha niliyotoa.

Septemba, hali ya hewa safi kabisa, nikiwa natoka Kitulo kuelekea Matamba, cheni ikakatika.

Ilikuwa imetoa taarifa. Wiki mbili ilikuwa inalia "kra kra" kila nikianza kupanda, na vile vidude vya kukazia cheni nyuma vilikuwa vimefika mwisho wa alama zake. Cheni ikifika hapo haikazwi tena, inabadilishwa pamoja na sproketi zake zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoishika mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nasubiri mzigo mmoja zaidi uishe. Ilipokatika ilichapa chini na kubaki barabarani kama nyoka aliyekufa. Bahati yangu haikujisokota kwenye gurudumu, ingenirusha.

Nikashuka kwa utulivu kabisa. Hii niliijua, nimejiandaa. Nikatoa kiungo changu kipya, nikakiweka kwenye ncha za cheni. Hakiingii. Pini zake ni fupi na nyembamba. Cheni yangu ni 428, kiungo nilichonunua ni cha 420. Namba imechongwa kwenye ubavu wa cheni yenyewe, kwenye kila pingili, na kwenye kiungo pia. Ningeilinganisha dukani ingenichukua muda wa kupiga chafya.

Nilikuwa na vipande zaidi ya arobaini vya chuma kizuri, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuwa kiungo cha cheni cha shilingi elfu moja.

Nilijaribu waya. Nilizungusha waya wa kufungia nondo kwenye zile ncha, mizunguko sita, nikaukaza kwa plaizi. Ulipita kwenye sproketi ya nyuma, ukapita ya mbele, ukaenda kama mita mia, ukakatika. Nikasukuma. Kwenye tambarare kusukuma pikipiki ni mazoezi. Kwenye kilima cha Kitulo ni adhabu, na lile kasha la zana nyuma linakuvuta kama mtoto anayekataa kwenda shule. Ilinichukua karibu saa tatu kufika Matamba. Maduka mawili ya spea niliyoyapata, moja limefungwa, la pili lilikuwa na cheni nzima za aina nyingine tu.

Sasa niwaambie kosa kubwa kuliko yote, lile la mama.

Kutoka Matamba kushuka Chimala kuna barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake 57. Inateremka kwenye ukingo wa milima, Usangu yote iko chini yako, tambarare mpaka macho yanachoka. Nikawaza: mteremko mtupu, cheni ya nini? Nitaserereka mpaka Chimala, pale ni barabara kuu, spea zipo, na Mbeya ni kilomita 78 tu.

Pikipiki isiyo na cheni haina injini. Ukishuka kawaida unaweka giya ya pili, injini inalizuia gurudumu, breki zinasaidia tu. Bila cheni, uzito wote, wako na wa pikipiki na wa kasha la zana, unabebwa na breki peke yake. Za kwangu ni za ngoma, mbele na nyuma. Kona kumi za kwanza nilikuwa naimba. Kona ya ishirini na kitu nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Nikakanyaga breki ya nyuma, mguu ukaenda mpaka chini na pikipiki ikaendelea kama haijasikia. Ya mbele ikashika nusu. Breki ya ngoma ikipata moto sana inapoteza mshiko, na kadri unavyoikanyaga ndivyo inavyozidi moto. Hilo nalijua leo. Siku ile nilijua tu kwamba upande mmoja kuna ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu.

Nikachagua ukuta. Niliegemeza pikipiki kwenye mtaro wa maji, ikakwaruza, ikalala, mimi nikalala juu yake. Goti, kiwiko, kioo kimoja, na kishikio cha klachi. Nilikaa pale muda mrefu bila kufanya chochote. Ngoma ya nyuma ilikuwa inatoa moshi mwembamba. Nilishika chupa ya maji nikataka kuimwagia, halafu nikayanywa. Kumbe ndivyo ilivyotakiwa, chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka.

Fuso iliyobeba viazi, tena si vyangu, ilinipakia juu ya magunia ya lumbesa mpaka Chimala kwa 15,000. Utingo aliniangalia, akaliangalia kasha langu, akasema, "Dada una zana nyingi." Hakukusudia ubaya.

Fundi wangu pale Uyole ni mtu wa maneno machache. Nilipompelekea pikipiki alibadilisha cheni na sproketi, akaweka na viatu vipya vya breki, halafu badala ya kunipa bei akatandika gunia chini na kumimina kasha langu lote juu yake.

"Jumamosi uje. Utaifungua wewe, kwa hivi tu. Kila unachotegemea kukifungua porini, kifungue hapa. Kinachokwama ndicho unachokosa. Ambacho hukukigusa kiache nyumbani."

Ile Jumamosi ndiyo somo lenyewe, na nikiwa na nafasi ya kumwambia mtu jambo moja tu kabla hajapanda milima yetu ni hilo: fungua pikipiki yako uani kwako kwa zana zile zile utakazobeba. Soketi yangu ya 19 iliingia kwenye nati, lakini mkono wake ulikuwa mfupi, na nati ilikuwa imekazwa na mwanaume mwenye kifua. Haikutikisika. Fundi akanipa kipande cha bomba chenye urefu wa kama sentimita thelathini, nikakichomeka kwenye mkono wa spana, ikalegea kama kifuniko cha soda. Spana ya plagi ya kasha ilikuwa nene, haikupita katikati ya mapezi ya kichwa cha injini. Yote hayo yangenikuta gizani. Kati ya vipande arobaini na kitu, niligusa saba.

Alinifundisha pia kufunga kile kiungo cha cheni. Klipu yake ina upande uliofungwa na upande wenye uwazi. Upande uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ukiugeuza, kitu chochote kikigusa ule uwazi kinaichomoa klipu, na utaikuta pikipiki imesimama bila kujua kwa nini. Nilifunga na kufungua mara tano kwa plaizi, mara ya sita nikiwa nimefumba macho, yeye akicheka. Na cheni isikazwe kama uzi wa gitaa. Ukiisukuma kwa kidole katikati kwa chini, icheze sentimita mbili mpaka tatu.

Begi langu la leo ni mfuko wa turubai alioushona fundi cherehani wa jirani, unaviringishwa na kufungwa kwa kamba, hauzidi unene wa mkate. Spana za 10, 12, 14, 17 na 19, na kile kipande cha bomba. Spana ya plagi iliyojaribiwa, na plagi ndani ya kitambaa. Bisibisi ya kichwa kinachogeuka, plaizi. Leva mbili ambazo nilizisugua ncha kwa msasa zisikate tyubu. Tyubu nzima mpya, na hili nalisisitiza: njiani badilisha tyubu, kuziba kiraka ni kazi ya nyumbani kwenye kivuli. Rimu zangu zote mbili ni za 18, kwa hiyo tyubu moja ya 2.75/3.00 inaingia mbele na nyuma. Zako kama zinatofautiana, beba ile ya gurudumu la nyuma, ndilo linalobeba mzigo. Viraka ninavyo kwa ajili ya pancha ya pili ya siku hiyo, na solusheni nanunua mpya kila nikishatoboa ya zamani. Viungo viwili vya cheni vya 428, vimeshonewa kwenye kona ya mfuko kwa sababu vinapenda kupotea, na kipande cha cheni cha zamani chenye pingili nne. Waya wa klachi nimeulaza sambamba na ule unaotumika, umefungwa kwa vikamba vya plastiki. Ukikatika nahamisha ncha mbili tu.

Vya kuokota vina thamani kuliko kasha. Mpira wa kufungia mizigo uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unafunga kila kitu, hata kishikio cha klachi kilichovunjika. Waya wa nondo, mita mbili, ambao sasa najua haufai kwa cheni lakini uliwahi kunishikia eksozi kutoka Matamba mpaka nyumbani. Kipande cha sabuni ya mche: tangi likitoboka tundu dogo unalisugulia sabuni kavu mpaka lizibe, na ukiiloweka inalainisha ukingo wa tairi likatae kung'ang'ania rimu. Msasa mdogo wa plagi. Tochi ya kuvaa kichwani, maana mkono wa tatu hatukupewa.

Kwa upande wa mwili ni rahisi: koti zito, glovu, karatasi kubwa ya nailoni, viazi vya kuchemsha au mkate, na mtu mmoja mjini anayejua unapita njia gani na akusikie saa ngapi. Sitoki tena baada ya saa tatu asubuhi. Wakulima wamenizoea, wananiita mama wa alfajiri.

Hesabu ya mfuko wote, kwa bei nilizolipa mimi, haikufika 50,000. Hesabu ya kujifunza ilizidi laki nne, bila goti.

Machi iliyofuata nilikuwa napanda tena Kikondo, matope mpaka kwenye ekseli, nikamkuta kijana wa bodaboda amepiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma na jiwe mkononi, anaigonga nati. Nikasimama. Aliponigeukia nikamtambua, alikuwa yule mjukuu wa mzee, aliyekimbia kuleta pampu. Amekua, ana ndevu tatu, na pikipiki ya mkataba.

"Shikamoo dada. Una 19?"

Tulifungua pamoja, tukabadilisha tyubu, dakika kama ishirini na tano na mvua juu. Sabuni ilifanya kazi. Nilimwonyesha jinsi ya kuvua tairi upande mmoja bila kutoa gurudumu, akaniambia anajua, babu alishamwonyesha, ila leo rimu imepinda ndiyo maana. Nikaona aibu kidogo. Nikamuuliza habari za babu. Yuko, anasumbuliwa na mgongo, bado anasimulia habari ya majani.

Alikuwa na safari ya kwenda Makete na abiria, ekseli haijakazwa sawasawa, akaomba abaki na spana mpaka kesho yake. Nikamwachia, pamoja na bomba lake.

Ni mwaka na zaidi sasa. Nimenunua nyingine, 6,000, nimekata na bomba jingine. Kila nikipita Kikondo naiona ile ya kwangu imechomekwa kwenye soksi, imefungwa kwenye usukani wake, na yeye akiniona anapiga honi.